Akikusukuma, Mpishe

Jumamosi nilikuwa Braamfontein, hapa Joburg, kwenye kambi ya siku tatu ya taichi, ule mchezo wa Kichina wa kupigana polepole. Mwalimu alitupanga wawiliwawili, viganja vikigusana.

"Akikusukuma, usishindane naye," alisema. "Mpishe."

Mwenzangu alikuwa fundi cherehani, Mkongomani. Nikamsukuma, hakutikisika. Nikasukuma tena, akakaza meno.

"Ndugu, pisha basi," nikamnong'oneza.

"Bukavu nilipisha vita. Alexandra nikapisha waliotufukuza wageni, hata cherehani nikaacha," akajibu. "Sasa hapa nipishe niende fasi gani?"

Mwalimu akatikisa kichwa. "Huyu bado mgumu."

Mgumu! Somo la kupisha sisi wageni wa Joburg tulilihitimu zamani. Tulichoishiwa ni mahali pa kurudi nyuma.