Wanawake Waliogeukia Shimo

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya, na jambo la kwanza nililoambiwa ni kuvivua. Ilikuwa katika ukumbi wa sherehe wa kampuni ya shaba, hapa Lubumbashi, zama zile za Zaire, wakati kila kampuni kubwa ilikuwa na kikundi chake cha ngoma cha kuimbia Chama na kupokea wageni. Kazi hiyo iliitwa animasio. Tulilipwa mshahara kama mafundi wa karakana.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, Mwislamu wa watu wa Maniema, na nilimwogopa kuliko msimamizi yeyote. Nilipomwambia nimepata kazi ya kucheza, alisimamisha cherehani.

“Utacheza, halafu mwisho wa mwezi wanakulipa?”

“Ndiyo, Baba.”

Akafikiri. “Basi ni kazi. Lakini nguo nitakushonea mimi, na itafika miguuni.”

Ndivyo nilivyoingia ukumbini na gauni refu kuliko ya wenzangu wote. Shefu wa Ngoma, mtu mwembamba aliyekuwa amesomea kazi hii Kinshasa, alinizunguka mara moja, akauliza, “Sitwayeni, uzito yako iko wapi?” Siku zile hatukuitana bwana wala bibi, sote tulikuwa masitwayeni, raia.

Nikajibu kwamba sijapimwa tangu nilipokwenda dispansari. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Shefu hakucheka. Alinisukuma bega kidogo, nikayumba, mguu wa kushoto ukanidaka. “Sasa iko kwa kushoto,” akasema. “Mucheza ngoma anajua saa yote uzito yake iko wapi. Asipojua, haiko mucheza ngoma, iko muntu mwenye anaanguka polepole.”

Wanangu mnaotaka kusomea ngoma, anzieni hapo. Kuhamisha uzito ndiyo alfabeti yetu. Baada yake Shefu alinifundisha vimo: chini, kati na juu, maana mwili unaokaa kimo kimoja unachosha macho upesi. Akanifundisha mielekeo: uso kwa watazamaji, ubavu, mgongo. Akanifundisha umoja, pale wote wanapofanya tendo moja kwa pumzi moja, na kanoni, pale tendo lilelile linapoanza kwa mmoja, likapokewa na wa pili, na wa tatu, kama upepo unavyopita juu ya mahindi. Jioni nilirudi nyumbani nikihamisha uzito njia nzima. Watu walidhani nimekunywa.

Nilipokwisha kupata mazoea, nilipelekwa Kipushi kuwa mwalimu wa mazoezi wa kikundi cha wake za wachimbaji. Nilifika nimejaa maneno ya Kifaransa ya Shefu, na nikayamwaga yote siku moja. Wale mama walinitazama kwa huruma. Kulikuwa na mmoja, Mama Feza, mpana, mwenye sauti nzito, muuza vitumbua. Akauliza, “Mwalimu, hii kanoni, si njo kupokezana ndoo kwa robine?”

“Njo ile!” nikamwambia, ndiyo hiyo hasa, kama wanavyofanya bombani. Tangu siku hiyo, Kipushi kanoni iliitwa kupokezana, na ilikwenda vizuri. Umoja ndio uliotushinda. Nilihesabu, nilipiga makofi, nilipiga filimbi. Wapi! Kila mama aligeuka kwa saa yake.

Mchana mmoja tulikuwa katikati ya mazoezi king’ora cha mgodi kikalia. Haikuwa saa ya kubadilishana zamu, na king’ora nje ya saa kilikuwa cha ajali. Wanawake wote waligeuka. Sikuhesabu, sikupiga filimbi. Waligeuka kwa mwili mmoja kuelekea mnara wa shimo, ambamo kaji, lifti ya wachimbaji, hushuka na kupanda. Wakasimama wameshika vifua. Mimi ambaye sikuwa na mtu chini ya ardhi nilibaki nyuma yao, nikiitazama migongo ile.

Kisha mlinzi akapita akisema mafundi walikuwa wanajaribu king’ora kilichotengenezwa upya. Mama Feza alikaa chini palepale. “Hii king’ora itaniua kabla ya bwana yangu,” akasema, nao wakacheka kicheko cha watu waliotoka kulia.

Nikasema, “Mama Feza, mlivyogeuka ndiyo ngoma yetu.”

Tuliitunga pamoja, na sijawahi kufurahia kazi namna ile. Walianza uso kwa watazamaji: kutwanga, kufua, kupika, kila mmoja kwa kimo chake. Ngoma zinakatika. Wote wanageuka mgongo, wanasimama tuli. Halafu kwa kupokezana, mmoja mmoja, wanamtambua mume anayetoka kwenye kaji, na furaha inapanda kutoka miguuni hadi mikononi mpaka uwanja unatetemeka. Tuligombana juu ya muda wa kusimama. Nilitaka mfupi. Mama Feza alisema, “Hapana. Kungojea haiko fupi.”

Ngoma hiyo ilikuwa ya sikukuu ya Chama, mbele ya tribini, jukwaa la wageni kutoka Lubumbashi. Delege, mjumbe wa Chama, alikuja kukagua mazoezi. Walipogeuka, aliruka kwenye kiti.

“Simamisha! Wanamuke wanageuzia tribini mugongo? Mbele ya picha ya Rais?”

“Sitwayeni Delege, huo ni mwelekeo tu. Wanatazama shimo.”

“Watazame shimo na uso kwa tribini!”

“Hapo hawatazami shimo tena,” nikasema.

Akaniinamia, akashusha sauti. “Mama, miye niko na batoto. Wakubwa banaweza kuniuliza juu ya nini niliacha bageuke. Nitajibu nini?”

Sikumchukia. Nami niliogopa, watu walikuwa wamepoteza kazi, na zaidi ya kazi, kwa makosa madogo kuliko hilo. Niliwaambia wanawake tuondoe mgeuko. Mama Feza alifungua kitenge chake, akakifunga upya taratibu. “Basi toa ngoma yote, mwalimu. Hii nyingine yenye inabakia, tunaicheza kila siku kwa nyumba.”

Kesho yake nilikwenda kwa Direkta wa Mgodi. Nilimkuta amesimama dirishani, ndani ya abakosti nyeusi, suti ya wakubwa wa wakati ule. Nikamweleza mgeuko, kisha, kwa sababu maneno hayakutosha, nikaucheza pale kwenye zulia lake, peke yangu. Nilipogeuka tena alikuwa amekaa.

“Kabla ya kuvaa hii abakosti,” akasema, “nilikuwa nashuka kwa shimo na bengine. Bibi yangu alikuwa anasimama kwa mulango wa mugodi na mutoto kwa mugongo. Mama, waache bageuke. Delege akiulizwa, aseme njo miye nilikubali.”

Siku ya sikukuu uwanja ulijaa. Upande mmoja tribini, wageni kwenye viti. Upande wa pili, juani, wachimbaji wenyewe, wengine na kofia zao za chuma. Kila mwaka wachimbaji hao walitazama migongo ya wake zao, kwa kuwa ngoma zote zilichezewa tribini. Naapa, wanangu, jambo hilo halikuwa limenipitia akilini.

Ngoma zikakatika. Wanawake wakageuka.

Tribini ikanong’ona. Delege alikuwa kama mtu aliyemeza jiwe. Lakini ng’ambo ya uwanja wanaume waliona nyuso zile, nyuso ambazo hawakuwa wamewahi kuziona, maana mwanamume akiwa ndani ya shimo hawezi kumwona mkewe akimngojea. Kisha mwanamume mmoja akasimama, akavua kofia, akapaza sauti:

“Feza! Niko huku! Nimekwisha kutoka!”

Mama Feza hakutakiwa kuanza. Alianza. Akafuata wa pili, maana naye aliitwa, na wa tatu, na majina yakaruka hewani, Monga, Kapya, Mwadi, kila mke akipokea furaha yake kwa sauti ya mumewe. Hakuna hata mmoja aliyefuata zamu niliyompangia! Nilikuwa pembeni nikiruka kama mtoto, pindo la gauni refu alilonishonea Baba mkononi. Direkta akasimama. Delege akamtazama, akasimama. Kisha tribini yote ikawa imesimama ikipiga makofi.

Delege alinijia amelowa jasho. “Sitwayeni,” akasema, “hii ya mugongo, banaweza kuirudia Lubumbashi?”

Kutoka Kipushi nilipelekwa Sakania, kwenye reli ya Zambia. Huko wake wa wafanyakazi wa reli na wachuuzi wa mpakani walinifundisha kujitungia papo hapo, mtu kucheza asichokipanga bila kuwapotea wenzake. Hatimaye nilirudi Lubumbashi nikawa Shefu wa Ngoma mwenyewe. Shaba iliposhuka na siasa ikabadilika, vikundi vilivunjwa kimoja kimoja, nami nikapewa barua ya kustaafu pamoja na cherehani ya zawadi. Baba angeicheka sana.

Watu huniuliza kama naona haya kwamba tulicheza kwa ajili ya Chama. Tulicheza kwa amri, ni kweli, na nyimbo nyingi za wakati ule sitaki kuzisikia tena. Lakini miili ilikuwa yetu, na kujua uzito wangu uko wapi hakuna aliyeniamrisha.

Sasa naishi mtaa wa Bel-Air, magoti yanalalamika, na majirani zangu, wanawake waliozeeka kama mimi, wamenilazimisha tutunge ngoma. Jana tuligombana. Mama Odile anataka tuanze tumelala chini kabisa, kimo cha mwisho. Nikamwuliza, “Kwa umri huu, nani atatuinua?”

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi. “Kuinuka njo ngoma yenyewe,” akasema.

Sikulala vizuri kwa furaha. Wamekwisha kutandika mikeka uani, wananiita. Nakwenda kulala chini nione nitakavyoinuka.