Ng'ombe Aliyejua Kirundi na Kilithuania

Enzi zetu, na ninyi mliokamua kabla ya kwenda shule mtanielewa, asubuhi ya Butiama ilinukia moshi, samadi na maziwa mgando yaliyolala kwenye kibuyu. Tulikwenda shule pekupeku, miguu imepakwa samli, na vumbi lote la njiani likahamia kwetu. Mwalimu akikukuta unaongea Kizanaki, lugha yetu ya nyumbani, alikuvika kibao shingoni, ukatembea nacho mpaka umnase mwenzako kwa kosa lilelile. Watoto wa leo wanajivika wenyewe nyaya masikioni, na hawamsikii hata anayewaita kula.

Lugha zilikuwa mchezo wetu kama gololi, maana kigangoni tulikuwa na utajiri. Padri Jonas, mrefu na mwekundu kama nyanya, alitoka Lithuania, nchi ambayo mwalimu wa jiografia aliitafuta kwenye ramani mpaka akabadilisha somo. Mpishi wake, mzee Ndayizeye, alikuwa amekimbia vita Burundi. Rafiki yangu Wambura alisema Kirundi ni kama shangazi aliyeolewa mbali: sura ni ya ukoo, ila akiongea lazima usogee. Ng'ombe kwao ni inka, mtoto ni umwana, basi ukitega sikio unaambulia nusu. Kilithuania hakikuwa na ndugu hata mmoja mkoa mzima wa Mara. Tulichojua ni kwamba majina ya wanaume wa huko hupenda kuishia na s, tukabatizana upya: yeye Wamburasi, mimi Magesasi. Dume la mbuzi la jirani tuliliita Beberusi. Padri alicheka mpaka akashika tumbo.

Kisha ndama wa Mabaka akafa. Mabaka ndiye ng'ombe pekee aliyekuwa akikamuliwa kwetu, na mdogo wetu mchanga aliishi kwa maziwa yake. Ndama alipokufa, Mabaka akayabana. Mama alifanya kama wazee walivyofanya: akajaza nyasi kwenye ngozi ya ndama, akaiweka mbele ya Mabaka ailambe. Mabaka alinusa kidogo, akageuza shingo kama mtu aliyeonyeshwa picha ya pilau.

"Jumamosi anaenda mnadani Bunda," baba akasema. "Mimi silishi ng'ombe wa mapambo."

Mama alimfunga mtoto mgongoni, akaenda kukaa zizini.

Ndayizeye alikuja kuchukua maziwa ya Padri kama kawaida, akarudi na kibuyu kitupu na habari. Jioni wakaja wote wawili.

"Kwetu nilikuwaga mkamuaji," Padri akasema, kwa Kiswahili chetu kabisa.

"Padri, kwenu kuna ng'ombe kweli, au ni theluji tu?" mama akauliza.

"Wapo, mama. Na wanapenda kuimbiwa."

Tukapinga lugha ipi itamlegeza Mabaka. Wambura aliweka gololi zake kwa Kirundi. Mimi nikaamini kwamba lugha ya Mzungu lazima iwe na nguvu kama sindano yake, nikaweka zangu zote kwa Kilithuania. Huo ulikuwa ujinga wangu wa kwanza.

Padri alikunja kanzu, akaimba kwa sauti ya chini wimbo mrefu wa kwao. Mabaka akatulia, akamtazama, tukadhani ameelewa. Kisha akainua mguu bila haraka, akaipiga ndoo teke mpaka kwenye miiba ya zizi.

Padri akafuta samadi shavuni. "Huyu ni wa dhehebu lingine," akasema.

Ndayizeye hakuimba. Alimsifu. Kwao ng'ombe husifiwa kama bibi harusi: pembe, mwendo, na ukoo wote wa mama yake. Alisifu huku akimpapasa ubavu mpaka jua likagusa vilima. Mara tukasikia ndani ya ndoo, chwii, chwii. Mama akafunika mdomo kwa khanga. Gololi zangu zikahamia mfuko mwingine.

Lakini Padri hakukubali kushindwa. Alirudi kesho yake, na siku zilizofuata, na kabla ya Jumamosi Mabaka akampa na yeye.

"Kumbe wote wameshinda," nikamwambia Wambura. "Rudisha gololi."

"Nenda kamdai ng'ombe."

Ajabu ni kwamba maziwa yalipokwisha kurudi, wale wazee hawakuacha kuja. Padri alipita baada ya misa, Ndayizeye jioni, kila mmoja akinong'ona lugha yake kwenye sikio la Mabaka. Baba akachoka.

"Mama Magesa, hawa wanatafuta nini zizini kwangu?"

"Hapa kila mtu anawasemesha Kiswahili," mama akamjibu. "Wa kuwasikia kwa lugha ya kwao hawana. Waache. Ng'ombe hachoki kusikiliza."

Baba akawaacha. Mabaka hakwenda Bunda Jumamosi ile, wala nyingine yoyote.

Ujinga wa pili niliufanya nikiwa mtu mzima, na elimu yangu ya sekondari mfukoni. Nililea wanangu Musoma mjini, nikawapiga marufuku kuongea Kizanaki ndani ya nyumba ili Kiingereza kiwaingie. Kikawaingia. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa kibao, kilichokosekana ni kamba. Sasa Wambura hayupo, mke wangu hayupo, na nikiota kwa Kizanaki nyumbani hakuna wa kumsimulia asubuhi.

Juzi mjukuu wangu Brayani aliniletea simu. "Babu, hii inajua Kilithuania." Akaigusa, ikaongea, na lugha ilikuwa ileile ya zizini. Nikasingizia vumbi la jicho.

"Kizanaki je?"

Akatafuta, akatafuta tena. "Hakipo, Babu."

Zamani ng'ombe mmoja wa Butiama alisikia lugha tatu kwa siku, yetu ikiwemo. Leo simu moja imebeba dunia nzima, imeniacha mimi tu.

Ndiyo maana nikienda Butiama napitia zizini kwa mdogo wangu kuongea na ng'ombe. Wiki iliyopita Brayani alinifuata.

"Babu, unaongea na nani?"

"Na huyu. Njoo umsalimie."

Nikamfundisha salamu moja ya Kizanaki. Akaitamka vibaya kama Mlithuania. Ng'ombe akatulia, akamkazia macho, jicho lilelile ambalo Mabaka alimkazia Padri siku ile. Sikumsahihisha mtoto. Nilisogeza ndoo ya kukamulia mbali na mguu wa ng'ombe, nikamwambia aseme tena.