Begi Lililokwenda Ng'ambo

Mjomba wangu alikuwa fundi wa mabegi. Kwa miaka ishirini na mbili alitengeneza zipu na magurudumu ya watu wanaokwenda ng'ambo, ilhali yeye hakuwahi kuvuka hata mkoa. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya uwanja wa ndege. Ndege ikipaa, bati lote lilitetemeka.

Begi lolote likifika, alianza kwa kubandua lebo za safari zilizopita. "Lebo ya zamani ni njia ya zamani," aliwaambia wateja. "Mashine ya mizigo haina akili. Ikisoma hii, begi litakwenda huko, wewe utakwenda kwenu." Lakini lebo zenyewe hakuzitupa. Alizibandika ukutani, akazifanya safari zake.

Bibi, mama yake mzazi, aliishi upande wa pili wa nchi, saa moja tu kwa ndege. Kila alipomwita, mjomba alijibu kwamba yuko ng'ambo kikazi. Akamsimulia theluji na treni zinazopita chini ya ardhi, mambo aliyoyaokota kwa wateja. Bibi aliwatambia majirani, hadi mtaa mzima ukamwita mwanawe Ng'ambo. Mimi nilijua, nikanyamaza. Chuoni niliandika makala kali juu ya watu wanaodharau kwao, na ada yangu alilipa mjomba.

Mwaka huu moyo wa bibi ukachoka. Mama yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akimuuguza, akampigia mjomba simu.

"Kaka, dawa zimebaki za siku mbili, na huku hazipatikani. Zilete mwenyewe. Anataka kukuona."

Nilimsindikiza uwanjani. Alivaa suti, na begi lake lilijaa lebo kama kifua cha jenerali.

"Mjomba, zibandue. Na dawa weka mfukoni."

"Niingie kwa mama na begi uchi? Majirani watasemaje? Wewe soma vitabu, mabegi niachie mimi."

Mhudumu wa mizigo alizibandua zote. Alipogeuka kidogo tu, mjomba akarudisha moja ubavuni, akaipapasa ishike.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mama. Ndege ilitua, mkanda wa mizigo ukazunguka mpaka ukazimwa. Begi lilikuwa limevuka bahari. Maduka yote ya dawa ya pale hayakuwa na aina ile, na huku kwetu mjomba alikuwa amezimaliza dukani.

Bibi alimshika mkono. "Ng'ambo wangu, safari hii umetokea wapi?"

"Nyumbani, mama."

"Usinitanie. Nipe ya mbali."

Akampa. Kwa siku tatu alimsimulia theluji, mpaka akajikuta anaisimulia maiti.

Watu wanasema ni bahati mbaya. Bahati gani? Mtu aliyeijua kanuni kuliko wote aliivunja kwa sababu aliona haya kufika kwao kama alivyo.

Begi lililetwa siku ya pili baada ya maziko, lina lebo mpya za miji miwili. Mama alilifungua mbele ya waombolezaji, akatoa dawa, hata kidonge kimoja hakijapungua, akamwekea kaka yake kiganjani.

"Haya, mwenzio karudi. Muulize, huko kukoje?"

Wapo waliocheka, msiba nao una wacheshi wake. Mjomba alichuchumaa, akaanza kubandua lebo kwa ukucha, polepole, kama anavyowafanyia wateja. Zile mpya zilitoka upesi. Ile aliyoirudisha kwa mkono wake mwenyewe iligoma.