Konfitiri ya Ubelgiji Iliyopikwa Rumonge

Miezi michache baada ya uhuru nilikuwa dukani Rumonge nikingoja kupimiwa sukari, akaingia mkubwa mpya wa ofisi, amevaa tai katika joto lile. Alitaka konfitiri ya kupaka mkate. Mwenye duka akamwekea chupa ya inkeri, yale matunda meusi ya miibani yanayoteremshwa kutoka milimani, mdomo wake umezibwa kwa nta.

"Hii iko ya wapi?" akauliza, akiishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Ya hapa hapa. Anapika huyu mama."

Mama alisimama kando yangu na kikapu cha chupa alizotaka duka lizipokee. Kucha zake zilikuwa nyeusi kwa maji ya matunda.

"Hapana, murakoze," mkubwa akasema. "Mimi nilikuwa karani wa administrateri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Nimezoea ile yake, ya Ubelgiji."

"Baba, ile nilipika mimi," mama akajibu taratibu. "Miaka minane niko jikoni kwa madamu, mke wa administrateri wako. Wewe nilikuwa nakuletea ya kukwangua sufuriani."

Mkubwa akaitoa nta, akachovya kidole, akalamba, akafumba macho. Nikadhani ataomba radhi. Mkubwa wa ofisi, aombe radhi?

"Nipe mbili," akanong'ona. "Lakini zifungeni, watu wasione."

Mama akazifunga kwa heshima zote, kwa gazeti lenye picha ya sherehe za uhuru. Zilizobaki tulizigombania sisi wengine, tusiojaliwa kuizoea Ubelgiji.