Pulsa Zisizotuelekea

Nilikuwa nafundisha fizikia Kasulu, na kwa ajili ya shahada ya pili nilikuwa nakadiria idadi ya pulsa za mionzi ya gama katika galaksi yetu. Pulsa ni mabaki ya nyota iliyokufa. Huzunguka upesi huku ikirusha mwale, mfano wa tochi iliyofungwa kwenye gurudumu. Mwale ukitupitia, setilaiti inauona. Usipotupitia, pulsa ipo na hatutaijua. Basi unatengeneza galaksi ya uongo ndani ya kompyuta, unatawanya pulsa humo, unauliza ni ngapi zingeonekana, unarekebisha mpaka zilingane na zilizoonekana kweli. Ndipo unahesabu zote. Ni kazi ya kuchosha, na mimi naipenda.

Nilimweleza mama hivyohivyo tukipukuchua mahindi wakati wa likizo, nyumbani Kumsenga. Alichukua jambo moja tu: kwamba kutoonekana si kutokuwepo.

Mdogo wake wa kiume alipotea njiani walipoikimbia Burundi. Wengine walifika Tanzania, wakalima, wakapata uraia, wakazaa. Mjomba mkubwa alitaka matanga yaondolewe watu wapumzike. Mama alikataa miaka yote, maana kuondoa matanga ni kukubali kwamba amekufa. Likizo ile mjomba aliitisha kikao cha ukoo, na mama akaniita niwe shahidi wake.

"Asiyekuwapo na lake halipo," mjomba alifungua.

Methali hiyo huniudhi. Ingekuwa kweli, ningekuwa sina kazi.

"Waambie ulivyoniambia," mama alisema.

Niliwaambia. Nilieleza vizuri kama niko darasani, hata mama wadogo wakaacha kunong'ona. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, bila kejeli.

"Sawa, mwalimu. Na huyu wetu yumo?"

Mama alinitazama. Neno moja lingetosha, na hakuna pale ambaye angeweza kunipinga.

"Hesabu yangu inajua wingi, mjomba," nilisema. "Haimjui mmoja."

Nilimwonea mama huruma, na mimi mwenyewe nikaona aibu, ingawa nilichosema kilikuwa sahihi. Mama alikung'uta maganda ya mahindi kwenye kitenge chake.

"Haya, wekeni siku," alisema. "Lakini ndizi za pombe ya matanga nitazivundika mimi, asizishike mtu. Ni ndugu yangu, musaza wanje."