Wati Elfu Moja za Kwenye Boksi

Juzi nilikuwa katika duka moja la redio, Ngarenaro, mama mmoja wa Tengeru alipokuja kutafuta amplifaya ya pikapu yake. Jumamosi pikapu hiyo ingeongoza kwa muziki msafara wa harusi ya bintiye, na hakutaka aibu mbele ya wakwe.

“Chukua hii, mama. Wati elfu moja!” muuzaji alisema, akigonga boksi kwa kidole.

“Na ile nzito?”

“Ile ni hamsini tu.”

“Zifunge zote mbili kwenye pikapu, nisikie.”

“Mama, si imeandikwa hapa?”

“Kwani Jumamosi litaimba boksi?”

Sikuweza kunyamaza. Umeme nimejifunza kwa kufungua redio mbovu, lakini fyuzi naijua. Ile ya elfu moja ilikuwa na fyuzi ya ampea tano. Kwa betri ya gari, volti kumi na mbili mara ampea tano, haifikishi hata wati sabini. Nikasema hivyo, kwa sauti.

Zikafungwa. Ya elfu moja ikakoroma. Ya hamsini ikatikisa vioo.

“Lakini kwa namba, mama…” muuzaji alianza.

“Mwanangu, mimi nauza ndizi. Mkungu hauongezeki uzito kwa kuandikwa.”

Akaondoka na ya hamsini. Tangu milango ya biashara ya nje ifunguliwe tunaletewa kila kitu, hata tarakimu. Muuzaji alilipangusa lile boksi, akalirudisha rafuni, namba ikitazama barabarani.