Dinamo Niliyoidai kwa Fundi

Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, na kazi yangu ilikuwa kusahihisha makosa ya watoto wa watu kwa wino mwekundu. Langu sikulisahihisha. Fundi niliyemkosea ameshafariki, amezikwa kwake Igamba, na neno "nisamehe" nililopaswa kumpa bado ninalo mimi.

Chanzo chake kilikuwa gari. Shamba moja la kahawa hapa Mbozi lilikuwa likiuza vitu vyake, miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kinauzwa na kila mtu anaambiwa ajitafutie. Walimu wenzangu walikimbilia baiskeli na mashine za kusaga. Mimi nikanunua landrova fupi ya petroli, rangi ya majani makavu, ambayo umri wake ulikaribia wangu. Mke wangu aliizunguka mara moja, akagonga mlango kwa kidole, akauliza, "Na hii tutailisha nini?" Nilinuna siku mbili, kwa sababu nilijua ana haki.

Fundi wa gari lile alikuwa amelihudumia pale shambani tangu ujana wake. Gereji ya shamba ilipofungwa akaja kujenga kibanda cha mabati nyuma ya soko la Vwawa. Siku niliyompelekea, alinitazama ninavyoipangusa vumbi kwa leso yangu, akasema, "Mwalimu, gari hii umenunua au umeoa?" Tukacheka, na kuanzia hapo tukawa marafiki. Mama yangu alipofariki huko kwetu Ileje, yeye ndiye aliyenisindikiza kwenye milima ile, akishuka kila kona kuongeza maji kwenye rejeta, na kaburini akashika koleo kama mtoto wa marehemu.

Alikuwa na desturi moja aliyotoka nayo shambani. Kifaa chochote alichobadilisha, kile kibovu alikifuta vizuri, akakifunga kwa kitambaa na kukiweka juu ya kiti cha dereva. Mwenye gari akifungua mlango anakikuta, anajua ametolewa nini. Mafundi wengine wa Vwawa walimuiga, hata ikawa sheria isiyoandikwa: fundi asiyerudisha kibovu ni mwizi, na hakuna haja ya shahidi. Nyumbani kwangu kulikuwa na sanduku zima la plagi, bushi na bomba za petroli. Mke wangu alitaka kulitupa. Mimi nilimwambia ni kumbukumbu.

Siwezi kuficha kwamba gari lile lilinipandisha mabega. Wasafiri wa barabara kuu walisimama kulipiga picha, nami nililiegesha makusudi pale wanapoweza kuliona. Siku moja Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwake Zambia alikaa gerejini karibu saa nzima. Alilisifu kwa sababu kila kitu chake kilikuwa cha asili, akasema kwao watu wanahangaika kutafuta vifaa vya namna hiyo. Nilimwacha anazungumza na fundi, nikaenda darasani. Maneno yale yalinikaa kichwani kuliko nilivyodhani.

Haukupita mwezi, dinamo ikaacha kuchaji betri. Fundi aliifungua, akainusa, akasema imeungua. Nikamwambia avuke kwenda Nakonde atafute nyingine, maana upande ule wa mpaka hakikosekani kitu. Alitikisa kichwa tu. "Niachie wiki, mwalimu."

Baada ya wiki gari likawa linachaji vizuri. Nilifungua mlango wa dereva, nikakuta kiti kitupu. Nilitazama chini ya kiti, nikatazama nyuma, hamna kitu. Nikafungua boneti: dinamo inang'aa, rangi nyeusi mbichi, haifanani kabisa na ile yangu iliyojaa grisi. Na bei hakunitajia. Hapo moyo wangu ukafunga hesabu kabla ya akili. Nikajiambia kwamba mzee amevuka na ile ya asili, amempelekea Mzungu, na ndiyo maana anaona haya kunidai.

Ningeweza kumuuliza tukiwa wawili. Nilisubiri Jumamosi, siku ya soko, kibanda kimejaa mafundi na wateja wanakunywa chai. Nikasema kwa sauti ya darasani, "Mzee, dinamo yangu ya zamani iko wapi? Au nayo imeshagongewa paspoti?"

Watu wakacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Yeye hakucheka. Alichovya kitambaa kwenye petroli, akafuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Macho unayo, mwalimu," alisema. "Na mikono unayo." Akakitundika kitambaa msumarini, akachukua koti lake, akaondoka, akiacha gari la mtu mwingine limeinuliwa kwenye jeki. Wale waliokuwa wanacheka wakaanza kutazama vikombe vyao.

Nilichukulia jibu lile kuwa ni ujeuri. Kwa hasira yangu nikawa naangalia upande mwingine kila nikipita sokoni. Miezi michache baadaye nikasikia amefunga kibanda na kurudi Igamba kwenye kahawa zake. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nilikuwa nawaandikia watoto methali hiyo ubaoni kila mwaka, na wao walikuwa wanaielewa.

Landrova ilizeeka ghafla. Kila fundi aliyeigusa aliacha tatizo jipya, na mwishowe ikawa inatoa moshi wa buluu kama jiko la kuni mbichi. Fundi mmoja wa Tunduma akanishauri kama wanavyoshauri wote: toa hiyo injini, weka ya dizeli ya Kijapani, usahau. Nilikubali. Siku ya kazi nilikaa kwenye tairi kuukuu nikitazama injini inavyoning'inia kwenye mnyororo. Fundi akaichomoa dinamo, akaipindua, kisha akanikabidhi.

"Huyu aliyesuka hii ni fundi kweli," alisema. "Nani huyo?"

Upande wa chini, pasipopakwa rangi, palikuwa na namba ya shamba iliyochongwa kwa patasi. Kila kifaa cha asili cha gari lile kilikuwa na namba hiyo. Ndani yake waya wa shaba ulikuwa mpya, umesukwa kwa mkono, mzunguko juu ya mzunguko, umepangwa kama ukili. Hakwenda Nakonde. Aliifufua ileile yangu, akaipaka rangi, na hakuweka kitu kwenye kiti kwa sababu hakukuwa na kibovu cha kurudisha. Nadhani alikuwa anasubiri niigundue mwenyewe nifurahi.

Injini bado ilikuwa hewani. Ningeweza kusema, "Irudishe." Lakini kuirudisha kungenilazimu kwenda Igamba kumwomba yule mzee aitengeneze, nikiwa nimeshika dinamo ile mkononi. Aibu ilinizidi nguvu. Nikasema, "Endelea na kazi." Kosa la kwanza lilikuwa la kutojua. Hili la pili nililifanya nikiwa najua kila kitu, na ndilo linaloniuma zaidi.

Ilipita miaka sita au saba kabla sijakata shauri la kwenda. Nilimkuta anageuza kahawa kwenye kichanja, anapapasa, kwa maana mtoto wa jicho alikuwa ameshafunika macho yote mawili. Alinitambua kwa salamu tu. Akafurahi, jambo ambalo sikulitarajia. Akaagiza maziwa ya mgando na viazi, akauliza habari za mke wangu na za kaburi la mama. Nilikuwa nimelipanga neno langu njia nzima.

Kabla sijafungua mdomo akauliza, "Umekuja na gari ya nani, mwalimu? Naona ni dizeli."

"Ya rafiki yangu," nikasema.

"Na yetu?"

"Ipo nyumbani, mzee."

Alitabasamu, akasema nimsalimie. Baada ya uongo ule neno langu halikupata tena pa kupita. Nilikula viazi vyake, nikaaga. Aliposimama ashike fimbo anisindikize kama ilivyo kawaida, nikamzuia. Niliogopa mkono wake usije ukagusa bodi ya gari, akalitambua. Sijawahi kumkataza mzee kunisindikiza, si kabla wala baada ya siku ile. Alisimama penye kahawa zake, nami nikawasha gari, nikaingiza gia ya kwanza.

"Mwalimu!" aliita. Nikasimama.

"Mwambie rafiki yako aendeshe taratibu. Giaboksi yake ni ya landrova, ya zamani. Injini hiyo ina nguvu nyingi, itamvunjia."

Nikasema, "Nitamwambia, mzee," nikaondoka.